Bunduki ya kazi zote: dada na shemeji waliponiweka njia panda

Kama una ndugu aliyehamia Marekani, msomaji mpendwa, basi ipo siku mazungumzo yenu ya simu yataacha habari za baridi, kodi ya nyumba na fedha za kutuma nyumbani, yafike kwenye bunduki. Wengi wetu tuliolelewa Nairobi, Nakuru au Mombasa tunaijua bunduki kwa mbali tu: begani mwa askari wa benki, mkononi mwa polisi kwenye kizuizi cha barabarani, na katika habari za wizi wa mifugo kule kaskazini. Kwetu Kenya, raia anayetaka kumiliki silaha huomba leseni chini ya Sura ya 114 ya sheria zetu, na akipewa hupewa kama hisani wala si haki yake ya kuzaliwa. Uwindaji nao ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo ukiambiwa na watu wa damu yako, "Tunataka kununua bunduki, tushauri," utapigwa na butwaa kama nilivyopigwa mimi.

Dada yangu ni muuguzi katika jimbo la Indiana. Yeye na mumewe, ambaye pia ni kijana wa kwetu, wana watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine kumi na mmoja. Walichoka kukaa mjini wakanunua ekari 12 mashambani, wakaanza kufuga mbuzi na kuku. Ardhi ya huko ni tambarare kama kiganja. Ukisimama uani unaona mahindi na soya hadi upeo wa macho, na hapa na pale nyumba ya jirani yenye paa jekundu au jeupe. Ni mahali pazuri, ila pana koyote, mnyama wa jamii ya bweha, ambaye usiku mmoja wa majira ya kuchipua alibeba vitoto viwili vya mbuzi na kurudi wiki iliyofuata kuchukua cha tatu.

Nilipowatembelea, majani ya miti yakianza kupukutika, nilikuta nyumba imegawanyika. Shemeji alitaka bunduki moja ya kufanya kazi tatu: kumwondoa koyote, kupata kulungu mmoja kila mwaka wa kujaza friza, na kulinda nyumba usiku dada anapokuwa zamu. Dada hakutaka bunduki yoyote. Kila mmoja alinivuta kando kwa wakati wake. "Kaka, wewe ndiye mkubwa," dada aliniambia tukiosha vyombo. "Zungumza naye." Naye shemeji, tukitengeneza ua, akaniambia maneno yale yale, ila yakielekea upande wake.

Hebu tusikilize hoja za dada kwanza, maana si woga wa mtu asiyejua kitu. Yeye hufanya kazi katika idara ya dharura. Anajua kwamba zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani si vya ujambazi wala vita vya magenge, bali ni vya watu waliojiua wenyewe. Anajua pia kwamba mwaka 2020 silaha za moto zilipita ajali za magari zikawa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 katika nchi ile. "Wewe unaona bunduki," alimwambia mumewe mbele yangu, "mimi namwona mtoto wetu wa miaka sita akiikuta." Utamjibu nini mama anayesema hivyo?

Lakini shemeji naye si mtu wa kupuuzwa. Mbuzi wake wanaliwa. Sheria ya Indiana inamruhusu mwenye shamba kumwondoa koyote katika ardhi yake. Isitoshe, kulungu wa mkia mweupe wako tele, wanakula mimea na kugongwa na magari barabarani, na jirani zake wote huwinda msimu unapofika katikati ya Novemba. Yeye ni mwana wa mfugaji. Kukaa kitako huku zizi linavamiwa si jambo linalomwingia akilini.

Mwanzoni alitaja bastola. Dada akasema asilani. Kitu kidogo kama kile, alisema, hukaa kwenye droo, kesho kwenye mkoba, kesho kutwa hakijulikani kiliko. Nilimuunga mkono bila kusita. Bastola ni rahisi kuficha na ngumu kulenga. Mtu asiye na mazoezi ataikosa hata debe hatua kumi na tano mbele yake. Hapo ndipo mzee jirani, mkulima aliyestaafu anayependa kuzungumza kuliko kulima, alipoleta wazo la tatu: bunduki ndefu inayokula risasi za bastola.

Huenda unajiuliza, msomaji, bunduki gani hiyo? Wale mliokua mkitazama sinema za kauboi mmeiona mara nyingi. Mtu juu ya farasi anasukuma mkono wa chuma ulio chini ya bunduki, anaurudisha, kisha anafyatua. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi iitwayo .44-40, na miaka mitano baadaye kampuni ya Colt ikaanza kutengeneza bastola za risasi hiyo hiyo. Mtu wa mashambani aliweza kubeba mshipi mmoja tu wa risasi, zikalisha bunduki na bastola pia. Siku zile duka lilikuwa mwendo wa siku kadhaa, kwa hiyo haya hayakuwa mapambo.

Siku hizi maduka ni mengi, lakini mtindo haukufa, na sababu yake itawapendeza wanafunzi wa fizikia. Risasi nzima ina ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa. Baruti ikiwaka hugeuka gesi inayosukuma kichwa ndani ya mtutu. Mtutu wa bastola ni mfupi, hivyo kichwa hutoka kabla gesi haijamaliza kazi. Ukiipiga risasi ile ile katika mtutu wa sentimita 40 au 45, gesi hupata nafasi ya kusukuma zaidi. Chukua risasi ya .357 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935. Kutoka kwenye bastola, kichwa chake kizito cha gramu 10 hivi hutoka kwa mwendo wa karibu mita 380 kwa sekunde. Kutoka kwenye bunduki, hukaribia mita 550. Na kwa kuwa nishati hupanda kwa mraba wa mwendo, nguvu yake huwa imeongezeka maradufu, bila kuongeza hata chembe moja ya baruti.

Si risasi zote zinazofaidika hivyo. Ile ya milimita 9 ambayo dunia nzima inaijua, na ambayo ina umri wa zaidi ya karne moja, ina baruti kidogo inayowaka haraka. Ndani ya mtutu mrefu huongeza mwendo kidogo tu. Ni jambo la kukumbuka, kwa sababu shemeji alikuwa amekwisha kuipenda bunduki ya aina hiyo, nyeusi, nyepesi, inayojisogezea risasi yenyewe, na inayoweza kutumia magazini za bastola. Alikuwa ameona picha zake nyingi sana.

Mzee jirani alitualika kwenye uwanja wa shabaha na bunduki zake tatu: moja ya milimita 9 inayojisogezea risasi, moja ya wenzo ya .357, na nyingine ya wenzo ya .44 Magnum. Mimi niliingia nchini kwa viza ya mgeni, na sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu wa namna hiyo kushika silaha au hata risasi zake, isipokuwa kwa ruhusa chache kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo nilivaa vizibo vya masikio, nikasimama nyuma ya mstari kama mzee wa kamati ya harusi, kazi yangu kutazama na kutoa maoni. Nakuhakikishia kwamba kutoka nyuma unaona mengi kuliko anayelenga.

Shemeji alianza na ile ya milimita 9. Alifurahi kama mtoto. Risasi zilitoka haraka, magazini ikaisha, akaomba nyingine. Karatasi yake ilitoboka kila mahali. Nilimwuliza, "Shemeji, koyote mmoja anahitaji risasi kumi na saba?" Akacheka, lakini nilimwona akifikiri. Jambo moja lazima nilikiri kwa faida ya bunduki ile: kuiondolea risasi ni rahisi mno. Unatoa magazini, unavuta komeo, unatazama ndani ya chemba, basi.

Ile ya .44 ni bunduki ya kweli ya kuwinda, wala sina ubishi nayo. Humwangusha kulungu kwa uhakika. Dada, ambaye alikuja shingo upande na alikuwa amekunja mikono muda wote, aliipiga mara moja akairudisha mezani. "Hii ina teke la punda," alisema, akijisugua bega.

Kisha mzee akamwekea ile ya .357, ila hakuijaza risasi za .357. Aliijaza .38 Special. Hapa pana siri tamu ya bunduki hii. Vichwa vya risasi hizi mbili vina unene mmoja, ganda la.357 lilirefushwa kwa makusudi, kama milimita tatu na nusu, ili lisiingie katika bastola za zamani za .38 ambazo zingepasuka. Lakini .38 inaingia katika .357 bila taabu. Kwa hiyo bunduki moja ina sauti mbili. Ukiilisha .38 haipigi kelele nyingi na bega halisikii kitu, ukiilisha.357 unapata ile nguvu maradufu niliyokueleza. Dada alipiga risasi tano kwa mita 50. Zote zilikuwa ndani ya mduara ambao ungefunikwa na sahani ya chai. Akakunjua mikono.

Ukitaka maoni yangu, bunduki ya nyumbani huchaguliwa kwa bega dhaifu kuliko yote katika nyumba, si kwa bega la anayelipa. Silaha ambayo mke anaiogopa itabaki kuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo asipokuwapo ni chuma kizito tu kilichojaa hatari.

Tukarudi nyumbani na hesabu ya sheria. Zamani Indiana, kama majimbo mengine ya mahindi, haikuruhusu bunduki za kawaida za kuwindia kulungu. Wawindaji walitumia zaidi bunduki za marisau zenye risasi moja nzito. Sababu ni ule utambarare. Risasi ya bunduki kubwa ikimkosa mnyama husafiri kilomita kadhaa, na hakuna kilima cha kuizuia, ila ukuta wa nyumba ya mtu. Mwaka 2007 jimbo likaruhusu bunduki za risasi za aina ya bastola, mradi kichwa kisipungue unene wa inchi .357 na ganda lisipungue urefu wa inchi 1.16. Mwaka 2016 wakalegeza zaidi kwa mashamba ya watu binafsi. Sasa tazama jinsi watunga sheria walivyopima: ganda la .38 Special lina inchi 1.155. Limekosa kwa unywele! Na la milimita 9 ni fupi zaidi, halifiki hata inchi moja. Hivyo kanuni ile ya 2007 ilikuwa imekwisha kuipanga meza yetu: .357 ndani, .44 ndani, milimita 9 nje.

Usidhani kwamba risasi ya bastola huanguka chini baada ya hatua mia. Nayo inaweza kupita kilomita moja ikielekezwa juu. Ila kwa kulungu, .357 inafaa hadi mita 100 hivi, na mtu mwaminifu hapigi mbali zaidi ya hapo. Tulitembea shamba lote na shemeji, nikimwuliza swali moja kila tuliposimama: nyuma ya mnyama pana nini? Upande wa mashariki pana nyumba ya jirani. Kusini pana barabara ambayo basi la shule hupita. Kaskazini-magharibi pana mto mdogo wenye ukingo mrefu wa udongo. Basi kati ya ekari 12 alibakiwa na pembe moja tu ya kupigia. Alikaa kimya muda mrefu, na nadhani kimya kile kilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Ikabaki ile kazi ya tatu, kulinda nyumba usiku, na hapo ndipo moto ulipowaka. Nyumba za huko si za mawe kama zetu. Kuta za ndani ni mbao na ubao wa jasi, na risasi ya .357 kutoka mtutu mrefu hupenya ukuta wa namna hiyo kama kidole katika karatasi. Upande wa pili wa ukuta wa chumba chao wamelala watoto. Halafu, ili bunduki iwe tayari usiku, lazima iwe karibu na iwe na risasi. Na ili mtoto wa miaka sita awe salama, lazima iwe mbali, imefungwa, na haina risasi. Huwezi kuyapata yote mawili. Shemeji alisema wapo watu wanaoweza, kwa kabati dogo la kufungua kwa alama za vidole. Dada akamwuliza yeye huamka vipi akishtuliwa usingizini. Hapo sote tulicheka, maana tunamjua. Simu ikilia usiku hujibu kwa mkono akitafuta miwani kwa mguu.

Waliponitazama niamue, nilisema niliyoyaamini, na nayasema tena kwako. Bunduki ya kazi zote haipo. Ipo ya kazi mbili zinazofanana, na kumtoa koyote zizini na kumpata kulungu mtoni zinafanana. Kazi ya usiku ipewe milango imara, taa za uani, simu ya 911 na mbwa. Shemeji hakufurahi. Alisema mimi nimehukumu kama kaka wa mke. Nilimjibu kwamba amepewa mbili kati ya tatu, na kesi nyingi haziishi vizuri hivyo.

Kabati la chuma lilinunuliwa kwanza, kabla ya bunduki. Hilo lilikuwa sharti la dada, na risasi zikawekwa mahali pengine penye kufuli yake. Kuhusu bunduki yenyewe, jambo dogo liliamua. Bunduki nyingi za wenzo hujazwa risasi kupitia tundu la ubavuni, nazo hujipanga katika bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Kwa sababu ncha ya risasi moja inaegemea fataki ya iliyo mbele yake, vichwa vyake hutengenezwa bapa. Chenye ncha kali kingeweza kuilipua ya mbele kwa mshtuko. Vema. Taabu ni kuziondoa. Katika nyingi, huna budi kuchezesha wenzo na kuipitisha kila risasi ndani ya chemba, mara saba, nane au kumi, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Bunduki za Henry zina bomba la ndani linalochomolewa, risasi zikamiminika mkononi, kisha ukabaki kukagua chemba tu. Dada alipoonyeshwa hilo dukani alisema, "Hii hapa." Yeye aliyekuwa hataki hata kuitazama! Uzito wake ni kilo tatu na ushei, na bei ilikuwa ya kumfanya shemeji ajikune kichwa.

Ununuzi ulifanywa kwa jina la shemeji. Alijaza fomu nambari 4473, ambayo pamoja na mengine humwuliza mtu kama yeye ndiye mnunuzi halisi, maana kumnunulia asiyeruhusiwa ni kosa la jinai. Duka likaulizia jina lake katika mtambo wa FBI wa kukagua wanunuzi, unaofanya kazi tangu mwaka 1998. Jibu lilirudi kabla hatujamaliza kahawa. Leseni ya kuwinda ilimchukua muda zaidi kuliko bunduki, kwani Indiana humtaka kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1986 apitie kwanza mafunzo ya uwindaji. Alisomea jikoni jioni, binti yake wa miaka kumi na mmoja akimtahini kama mwalimu wa zamu.

Mbwa naye alikuja, jibwa jeupe la kulinda mifugo ambalo hulala mchana na kubweka usiku kucha. Tangu afike, koyote wamesikika mbali tu, na bunduki haijawahi kutumika kwa kazi ile iliyoletewa. Shemeji hapendi nikikumbusha hilo. Siku hizi ameanza tena kutajataja ile ya .44, ati kwa ajili ya kulungu wakubwa. Nimemwambia amwombe mwenye ufunguo wa kabati, naye ni dada.

Nilikuwa nimekwisha kurudi Nairobi Novemba ilipofika. Alinitumia picha: amevaa koti la rangi ya machungwa kama sheria inavyotaka, na nyuma yake ule ukingo wa udongo wa mtoni. Mita 60, risasi moja. Dada aliichemsha nyama kwanza, kisha akaikaanga kwa vitunguu na dania, akasema haina mafuta hata kidogo na inataka subira. Nilimpelekea mama ile picha. Aliitazama kwa muda, akaisogeza karibu na macho, akauliza huyo mbuzi mwenye pembe za ajabu ni wa nani, na kama mwenyewe amelipwa.